Mkato kati ya sentensi mbili za Kiingereza: lini unakubalika, lini ni kosa

Juma alifika stendi, akakuta basi limeondoka, akampigia kaka yake simu.

Sentensi hiyo haina dosari. Ihamishie kwenye Kiingereza kama ilivyo, utapata "Juma arrived at the bus stand, he found the bus had left, he called his brother," na mwalimu wa Kiingereza atazungushia wino mwekundu mikato yote miwili. Tahajia iko sawa, nyakati za vitenzi ziko sawa, na maana inaeleweka. Kilichoharibika ni kazi uliyoubebesha mkato.

Kwa Kiingereza kosa hilo huitwa comma splice. Splice ni neno la mabaharia: unafumua nyuzi za ncha mbili za kamba, unazisuka pamoja, zinakuwa kamba moja. Alama yenyewe sisi tunaiita mkato, na hata neno la Kigiriki lililozaa jina lake la Kiingereza, komma, linatokana na kitenzi cha kukata. Yaani chombo cha kukatia kimetumiwa kuungia. Hapa nitaliita kosa hilo mkato wa kuungia.

Ufafanuzi wake ni mfupi. Vishazi viwili huru, kila kimoja na kiima chake na kitenzi chake kikuu, vimewekwa katika sentensi moja, na katikati yao hakuna kitu isipokuwa mkato. Kupima ni rahisi: weka nukta mahali pa mkato, anza kipande cha pili kwa herufi kubwa, kisha soma kila kipande kana kwamba kingine hakipo. Vyote viwili vikisimama, una mkato wa kuungia. Kimoja kikipepesuka, huna. Linganisha "The shop was closed, we went home" na "Because the shop was closed, we went home." Katika ya pili, "Because the shop was closed" ikibaki peke yake inamwacha msomaji akisubiri, kwa hiyo mkato wake ni halali.

Urefu hauhusiki kabisa, na hapa wengi hupotoshwa. "It rained, we left" ina maneno manne tu na ina mkato wa kuungia. Sentensi ya maneno sitini inaweza kuwa safi. Wala usidhani kwamba kuufuta mkato kunatibu: "The shop was closed we went home" ni kosa kubwa zaidi, maana sasa hata pale pa kuvuta pumzi hapapo.

Kwa nini kosa hili linatuandama sisi tunaofikiri kwa Kiswahili? Mara nyingi huambiwa ni uzembe. Sikubaliani. Kosa linatoka kwenye sarufi yetu, na ukijua linatoka wapi hasa unaweza kulisikia kabla halijafika kwenye karatasi.

Tazama neno "akakuta". Ndani yake mna a- ya nafsi, -ka- inayosema kwamba tendo hili limefuata lile lililotangulia, na -kuta yenyewe. Kazi ya kuunganisha imeshafanywa ndani ya kitenzi. Mkato ulio mbele yake ni wa kupumulia tu. Ungeweza kuufuta na sentensi isivunjike. Kiingereza hakina -ka-. Ukiandika "he found", hakuna silabi yoyote humo inayomwambia msomaji kwamba habari inaendelea. Kwa macho ya Kiingereza hiyo ni sentensi mpya, na mkato ulioachwa mlangoni hauna nguvu ya kuishikilia.

Dawa iliyo karibu zaidi na -ka- ni kuondoa kiwakilishi. "Juma arrived at the bus stand, found that the bus had left and called his brother." Kitenzi kilichopoteza kiima chake hakiwezi tena kusimama peke yake, kwa hiyo vitenzi vitatu vinakuwa orodha ya matendo ya mtu mmoja, na mikato ya orodha inaruhusiwa. Njia hii inafaa pale tu mtendaji anapobaki yuleyule. Akibadilika, kama katika "Juma alifika, mlinzi akamzuia," itakubidi uweke kiungo: "Juma arrived, but the guard stopped him," au ukiteremshe kishazi cha kwanza: "When Juma arrived, the guard stopped him."

Chanzo cha pili ni -me- ya hali. "Nilimkuta fundi, amelala" huzaa "I found the tailor, he was asleep," wakati Kiingereza kinataka "I found the tailor asleep." Vivyo hivyo "Nilimwona mama, amebeba ndoo" ni "I saw my mother carrying a bucket." Popote ambapo Kiswahili kinaeleza hali ya mtu kwa kitenzi kamili, jaribu kwanza kukipunguza kwa Kiingereza kiwe neno la sifa au kitenzi cha -ing.

Cha tatu, nacho kimejaa kwenye insha za wanafunzi na ripoti za ofisini, ni "ndiyo maana". "Mvua ilinyesha sana, ndiyo maana barabara imeharibika" hugeuka kuwa "It rained heavily, that is why the road is damaged." Badilisha neno moja tu: "It rained heavily, which is why the road is damaged." "Which" ni kirejeshi, hukifanya kishazi cha pili kiwe tegemezi, na mkato unatosha. "That" hapo ni kiwakilishi tu, na kiwakilishi hakiungi.

Hali hii si ya Kiswahili peke yake. Kijerumani, Kirusi na Kifaransa huweka mkato kati ya vishazi huru bila mtu kushtuka. Kiingereza ndicho kilichojifunga kwa sheria kali hapa, tena kilijifunga taratibu: vitabu vyake vya karne ya 17 vilipigwa mikato kwa kufuata pumzi ya msomaji, na sheria ya kufuata muundo wa sentensi ilikaza baadaye.

Sasa tuje kwenye ruhusa, kwa sababu zipo, na anayesema mkato wa kuungia ni kosa siku zote hajawasoma Waingereza wenyewe.

Ruhusa iliyo imara zaidi ni ya vipande vifupi vyenye umbo moja. Mwaka 47 KK Julius Caesar alishinda vita vya Zela, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, na kauli yake ya Kilatini ya maneno matatu ikaingia Kiingereza kama "I came, I saw, I conquered." Vipande vitatu, vyote huru, mikato mitupu katikati, na hakuna mwalimu anayeisahihisha. Kwa Kiswahili tunasema "Nilikuja, nikaona, nikashinda." Umeiona -ka-? Sisi tumetia kiungo. Kiingereza kimeacha ulinganifu wenyewe ushikilie. Kila kipande kina kiima kilekile, wakati uleule na maneno mawili tu, na sikio la msomaji linajua kipande cha pili kimetoka kwenye kalibu ileile ya cha kwanza.

William Strunk, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alikuwa mkali sana dhidi ya mkato wa kuungia katika kitabu chake kidogo cha kanuni za uandishi cha mwaka 1918. Hata hivyo humohumo akaacha mlango: vishazi vikiwa vifupi sana na vyenye umbo moja, mkato kwa kawaida unaruhusiwa. Mfano wake mmoja ni methali "Man proposes, God disposes." Charles Dickens naye, mwaka 1859, alifungua hadithi yake ya miji miwili kwa "It was the best of times, it was the worst of times," akaendelea kurundika vipande vya umbo hilo kwa mikato mitupu. Umbo likirudiwa kwa uaminifu namna hiyo, urefu wa sentensi nzima hauna shida. Kinachotakiwa kuwa kifupi ni kila kipande.

Kipimo changu cha kazi ni maneno sita kwa kipande. Si sheria ya kitabu chochote, ni kikomo ambacho kikivukwa sikio huanza kusahau umbo la kipande kilichopita. "The kettle boiled, the phone rang, the baby woke up" inapita: kiima kisha kitenzi, wakati uliopita, mara tatu. "The kettle boiled, I have been looking for that number since Tuesday" haipiti, ingawa nusu yake ya kwanza ni ileile. Vipande vitatu pia hupita kwa urahisi kuliko viwili. Viwili huonekana kama umesahau kitu. Vitatu huonekana umekusudia.

Lakini kipimo kinachonisaidia zaidi ni cha neno lililofichwa. Jiulize: kama ningetia kiunganishi mahali hapa, kingekuwa kipi? Jibu likiwa "and", mkato una nafasi ya kukubalika, kwa kuwa msomaji hapotezi kitu neno hilo likikosekana. Jibu likiwa "so", "because", "but" au "although", usiuache mkato peke yake. "The road was flooded, the driver turned back" inaficha "so". "The soup was cold, nobody complained" inaficha "but". Unamtwisha msomaji kazi ya kubuni uhusiano ambao wewe ulikuwa unaujua, na anaweza kubuni usio wako.

Ipo ruhusa ya pili ambayo inavunja kipimo hicho kwa haki. Ni muundo wa kukanusha kisha kusahihisha: "She isn't my sister, she's my aunt." Uhusiano uliofichwa ni wa "bali", ila "isn't" imeshamwandaa msomaji, akiona ukanushi, anasubiri sahihisho. Kuweka nukta hapo hukata pumzi ya kauli, na kuweka "but" huifanya iwe nzito. Katika barua kwa rafiki, makala ya gazeti, hotuba au hadithi, acha mkato. Katika tasnifu weka nukta mkato na uendelee na kazi.

Ruhusa ya tatu ni masharti yasiyo na "if". "You break it, you pay for it," onyo linalobandikwa madukani, ni vishazi viwili huru kwa umbo, ila maana yake ni ukivunja utalipa. Kiswahili kina -ki- ya kazi hiyo. Kiingereza cha mazungumzo kimeuachia mpangilio wa vipande. Muundo huu ni wa mdomo na wa mabango. Ukiandika mkataba wa upangaji, andika "If the tenant breaks the window, the tenant shall pay for it," usijaribu kingine.

Na mazungumzo kwa ujumla, ndani ya hadithi au kwenye ujumbe wa simu, yana uhuru mpana. "Sit down, you look tired." "Don't worry, I have the key." Watu husema hivyo kwa pumzi moja, amri na sababu yake. Mwandishi wa hadithi akiweka nukta mkato kinywani mwa kondakta, ameua sauti ya kondakta. Waingereza kwa kawaida huvumilia jambo hili katika hadithi kuliko Wamarekani, na walimu wa Marekani ndio wakali zaidi hata nje ya darasa. Ukijua kazi yako inaenda kwa nani, utajua mahali pa kulegeza.

Kabla ya kuogopa kila mkato, tenganisha ile inayofanana na kosa bila kuwa kosa. Swali la mkiani, "You have eaten, haven't you?", linahitaji mkato wake. Muundo wa kadiri, "The harder it rains, the slower the traffic," nao unauhitaji. Maneno ya msemaji yanayofuatwa na "he said" huwekewa mkato. Kishazi kilichochomekwa katikati, "The owner, I think, lives in Tanga," hufungwa na mikato miwili. Orodha ya vishazi vitatu au zaidi yenye "and" kabla ya cha mwisho ni halali popote, hata kwenye mtihani: "The gate opened, the dog ran out, and the children screamed." Methali kama "Like father, like son" hazina vitenzi, basi sheria haizigusi.

Sasa kwenye shimo linalowameza hata wanaoandika Kiingereza kizuri: "however" na "therefore".

Katika Kiswahili, "kwa hiyo" na "hata hivyo" huunganisha sentensi bila matatizo. Tunadhani wenzao wa Kiingereza ni wa jamii moja nao. Sivyo. "However", "therefore", "moreover", "nevertheless", "otherwise", "consequently" na "instead" ni vielezi, hata kama maana yao ni ya kuunganisha. Viunganishi vinavyoweza kusaidiana na mkato kushikilia vishazi viwili huru ni saba tu: for, and, nor, but, or, yet, so. Vihesabu kwa vidole, vikariri, maliza. Kielezi hakimo humo, kwa hiyo "The roof leaked, however, the landlord refused to repair it" ni mkato wa kuungia uliovaa kilemba.

Na hapa kosa linadhuru maana. Msomaji akifika kwenye "however" iliyobanwa na mikato pande zote, hajui inafungamana na paa lililovuja au na mwenye nyumba aliyekataa. Anasoma hadi mwisho ndipo anarudi nyuma kupanga upya. Andika "The roof leaked; however, the landlord refused to repair it," au weka nukta, au tumia "but" na mkato mmoja kabla yake. Mkato huwekwa kabla ya "but", si baada yake. Kuandika "but, the landlord" ni mazoea ya "Lakini," yetu yaliyovuka mpaka.

Neno "then" liko ukingoni. Kisarufi ni kielezi, kwa hiyo "I boiled the water, then I added the flour" ni mkato wa kuungia. Katika maelekezo ya mapishi na masimulizi huachwa bila kelele. Mkaguzi mkali ataukamata, na kinga ni neno moja: "and then".

Wengi wakishaambiwa juu ya kosa hili hukimbilia nukta mkato na kuitawanya kama chumvi. Alama hiyo ina umri: ilianza kuonekana katika miaka ya 1490 huko Venice, katika kitabu kilichochapishwa na Aldus Manutius. Kazi yake kuu ni moja: kukaa kati ya vishazi viwili huru vinavyohusiana. "Although he was tired; he continued" ni kosa jipya, kwa sababu nusu ya kwanza ni tegemezi na ilitaka mkato tu. Upande mwingine wapo wanaokata kila kitu kwa nukta hadi wanaacha vipande yatima kama "Because the rain was heavy."

Njia za kurekebisha hazilingani kwa maana, na ndipo uandishi unapoanza. Chukua "The generator failed, the vaccines were lost."

Ukiweka nukta, "The generator failed. The vaccines were lost," unatoa habari mbili nzito na kumwachia msomaji azikutanishe. Inafaa ukitaka kila pigo lisikike. Nukta mkato huziweka habari hizo kwenye mizani moja bila kusema ipi imeleta ipi. Ukiandika "The generator failed, so the vaccines were lost," umetamka chanzo na tokeo, na katika ripoti ya zahanati ndicho kinachotakiwa, maana mtu atawajibika. "Because the generator failed, the vaccines were lost" inasogeza uzito kwenye chanjo na kuifanya jenereta kuwa sababu iliyo nyuma. Na ukigeuza mpangilio unaweza kutumia nukta mbili: "The vaccines were lost: the generator had failed." Nukta mbili huahidi maelezo, kwa hiyo kinachofuata lazima kieleze, na kwa kuwa jenereta ilizima kwanza, kitenzi chake kimerudi hatua moja nyuma na kuwa "had failed". Ni njia tano, na mkato mtupu ulikuwa unaziba zote.

Tuitazame barua pepe ya kazi kwa karibu, kwa kuwa ndiko mikato ya kuungia inakozaliana:

"Thank you for your email, we have received the order, the goods left Mombasa on Monday, they will arrive in Kampala on Thursday, please inform us if there is any delay."

Vishazi vikuu vitano, mikato minne, yote ya kuungia. Wa kwanza uko kati ya shukrani na taarifa. Hayo ni matendo mawili tofauti, weka nukta. Wa pili uko kati ya kupokea oda na mzigo kuondoka. Mambo haya yanakaribiana, nukta mkato inafaa, ingawa nukta haitamuudhi mtu. Wa tatu unafuatwa na "they", ambayo ni mizigo ileile, kwa hiyo ondoa kiwakilishi na utie "and". Wa nne unavuka kutoka taarifa kwenda ombi, na hapo nukta ni lazima, kwa sababu ombi lililofichwa mkiani mwa sentensi ndefu halijibiwi. Matokeo:

"Thank you for your email. We have received the order. The goods left Mombasa on Monday and will arrive in Kampala on Thursday. Please inform us if there is any delay."

Maneno yalikuwa 31 na yamebaki 31. "They" ametoka, "and" ameingia, na mwenye mzigo ataliona ombi. Kumbuka pia kwamba ufunguzi wa "I hope you are well, I am writing to..." una ugonjwa huohuo na unatibiwa kwa nukta.

Kwa anayejiandaa na mtihani, ruhusa zote nilizotaja zifungie kabatini. Katika shule za msingi za serikali Tanzania masomo hufundishwa kwa Kiswahili, kisha sekondari hugeukia Kiingereza; mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaingia kwenye insha za Kiingereza akiwa na -ka- kichwani, na msahihishaji hawezi kujua kama mkato wake ni wa Caesar au wa bahati mbaya. Ndivyo ilivyo pia kwa mtihani wa IELTS unaofanywa na wengi wanaotafuta vyuo au kazi za uuguzi nje. Sehemu yake ya kuandika hupimwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa, na kimoja ni upana na usahihi wa sarufi, yaani robo ya alama. Insha ya pili inataka maneno yasiyopungua 250, na muda unaoshauriwa ni dakika 40. Tenga dakika tatu za mwisho uangalie mikato tu. Usisome maana, fuata mikato mmoja mmoja na kuupima kila mmoja kwa nukta.

Ukiandika kwenye kompyuta, usizitegemee programu za kusahihisha pekee. Baadhi huupita "that is why" bila kutikisika na kuukamata mkato wa halali ndani ya mazungumzo. Fungua kisanduku cha kutafuta, kwa kawaida Ctrl na F, uandike mkato, nafasi, kisha neno. Anza na ", it", halafu ", he", ", she", ", they", ", we", ", this", ", that", ", there", ", please", na mwisho ", however", ", therefore" na ", then". Vipande vingi vya pili katika mikato ya kuungia huanza na neno mojawapo kati ya hayo. Kila unaposimama, soma kilicho kushoto hadi mwanzo wa sentensi, kisha kilicho kulia hadi nukta. Upande wa kushoto ukianza na "when", "if", "because", "although" au "while", pita. Pande zote mbili zikisimama zenyewe, tafuta neno lililofichwa. Na likiwa si "and", liandike.